Siku Niliyomfungulia Dominic Njia

Nyinyi vijana mliovaa sare mpya pale getini, nimewaona. Jumapili iliyopita nilipita nikienda kanisani, nikawakuta watatu mmesimama kando ya ubao wa ramani, buti zinang'aa kama sufuria za harusi, na mmoja wenu amevaa miwani ya jua ilhali mawingu yalikuwa yameshuka hadi mtaani Milimani. Nilicheka peke yangu hadi kwenye mlango wa kanisa. Halafu nikakumbuka buti zangu za kwanza. Nilizipaka mafuta ya kupikia ili zing'ae, nikaenda nikasimama juu ya njia ya siafu nikiwaeleza wageni historia ya kreta ya Menengai. Siafu walifuata yale mafuta wakapanda hadi mahali ambapo mwanamke mzima hawezi kujikuna mbele za watu. Historia ya kreta siku hiyo ilikuwa fupi sana.

Kwa hivyo nikiwacheka, jueni nimeanza na mimi.

Nimeongoza watu katika msitu wa Menengai zaidi ya miaka ishirini, nikastaafu magoti yangu yalipoanza kulalamika zaidi ya wageni. Mimi ni Rael, msichana wa Elburgon. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashine ya mbao, kwa hivyo nilikua nikiijua miti ikiwa imelala tu. Mti uliosimama nilianza kuujua nilipoajiriwa hapa kutengeneza vijia, na aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyezaliwa kwenye nyumba za reli hapa hapa Nakuru. Huyo mzee alikuwa hacheki. Ukimwambia kitu cha kuchekesha anakuangalia kama mtu anayesubiri umalize kukohoa.

Wiki yangu ya pili alinipa rangi nyeupe na brashi, akaniambia niweke mishale kwenye miti kutoka getini hadi juu ukingoni. Nikaweka mishale mizuri, minene, kama ya shule ya msingi. Jumamosi wageni wakapanda bila shida, wakafika juu, wakapiga picha. Kurudi ikawa shida. Nilikuwa nimepaka upande mmoja tu wa mti, ule unaouona ukipanda. Wakishuka waliona miti mitupu. Wengine walitokea kwenye shamba la mtu wakafukuzwa na mbwa. Mzee Barasa akaja akasimama mbele ya mshale wangu wa kwanza, akauzunguka mti, akarudi.

"Rael," akasema, "hii si njia. Hapa umetega panya."

Tangu siku hiyo nikajua kwamba kijia kina sura mbili, ya kwenda na ya kurudi, na hazifanani hata kidogo. Kila baada ya muda geuka uangalie nyuma, uone kile utakachokiona ukirudi. Pia alinifundisha kwamba adui wa njia si mguu, ni maji. Chimba mfereji mshazari, mvua ikija itoke kando badala ya kuteremka na udongo wako. Mkikumbuka hayo mawili tu mtakuwa mmewashinda wote wanaosoma msitu kwenye simu.

Na hao ni wengi. Mtawaona. Kuna yule bwana wa benki aliyekuja na kamba, kisu, jiko la gesi na mfuko wa kulalia, kwa matembezi ya saa mbili, akasahau maji. Tulimkuta ameketi chini ya mkaratusi, ulimi mkavu, akiwa anaona paa la benki yake kutoka pale alipoketi. Kuna wale wanaokuja kusikiliza utulivu wa msitu, na spika begani. Kuna mama aliyeniuliza nyani wanafungiwa saa ngapi. Mimi niliwapenda wote kwa namna yangu, na namna yangu ilikuwa kuwafanyia mzaha. Wageni walicheka. Walirudi, wakaja na marafiki, wakauliza, "Yule mathe wa vichekesho yuko?" Nikaanza kujiona mkubwa kuliko msitu.

Sasa niwaambie kuhusu Dominic.

Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa mvua. Wakaja watu kumi na wanane wa ofisi moja ya Nairobi, kwa kile wanachokiita team building. Wote walivaa tisheti za kijani zilizoandikwa "Pamoja Tunapaa". Dominic ndiye aliyekuwa mkubwa wao: kijana wa miaka kama thelathini na mitano, kifua mbele, firimbi shingoni, saa mkononi inayomhesabia hatua. Alikuwa na tabia ya kupiga makofi mawili kabla ya kusema jambo lolote, hata la kuomba maji.

Pale getini nikawapanga mstari, nikasema yale niliyokuwa nikiyasema kila wiki. Usitoke njiani. Usimpe nyani chakula. Halafu nikauliza, kama nilivyozoea, "Kuna mgonjwa hapa? Kama yuko aseme mapema, tumrudishe town akalale na hot water bottle. Huku tunapanda na wanajeshi tu!"

Wakacheka wote. Dominic akapiga makofi mawili. "Hapa hakuna wagonjwa, mathe! Hii ni timu ya ushindi!"

Katikati ya mstari palikuwa na msichana mwembamba aliyeitwa Lilian. Alicheka pia. Nilimwona akicheka.

Tukaanza kupanda, na Dominic akaanza kazi yake, ambayo ilikuwa kunisahihisha. Nikisema tumebakisha nusu saa, anaangalia simu, "Simu inasema dakika ishirini na mbili." Nikionyesha leleshwa na kueleza jinsi wafugaji wanavyoyatumia majani yake kujitia harufu nzuri, yeye anasema amesoma mahali kwamba ni mti mwingine. Nikawaambia wapumzike, akapuliza firimbi wasipumzike. Watu wake wakawa wananiangalia mimi, wanamwangalia yeye, hawajui wamtii nani. Mimi nikazidi kutia mzaha. Nikamuuliza kama ile simu inaweza pia kumbeba mgongoni. Wakacheka, na yeye akanuna, na mimi nikafurahi.

Tukafika pale njia inapogawanyika, karibu na ukingo. Njia kubwa inaenda kulia hadi kwenye banda la kupumzikia. Ya kushoto ni kijia cha chini, kinachoteremka kidogo ndani ya ukingo wa kreta, kinapita kwenye mawe meusi, kisha kinapanda tena kutokea kwenye banda lile lile. Lakini mvua za mwezi uliopita zilikuwa zimekila katikati. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekifunga kwa tawi kubwa.

Dominic akapiga makofi. "Okei timu! Simu inaonyesha hii ya kushoto ni fupi. Tunashuka hapa."

"Hiyo imefungwa," nikamwambia. "Mvua imekula njia."

"Mathe, na heshima zote." Mkianza kusikia "na heshima zote" mjue heshima imekwisha. "Hizi ni mambo za satelaiti. Nyinyi mmezoea njia ya wazee. Nani ako na mimi?"

Hapa ndipo mnisikilize. Kazi yangu ilikuwa kusema hapana. Neno moja, halina gharama. Ningesimama mbele ya lile tawi, nikampigia mkubwa wangu simu, Dominic angelalamika, tungeendelea. Lakini nilikuwa nimechoka na makofi yake, na wazo likanijia, tamu kama sukari: mwache aende. Atateremka mita mia mbili, atakuta hakuna njia, atarudi na aibu yake mbele ya watu wake wote, nami nitakuwa kwenye banda nakunywa chai.

Nikaenda nikalishika lile tawi kwa mikono yangu miwili, nikalivuta kando, nikainama kama mhudumu wa hoteli anayefungua mlango.

"Karibu, bosi," nikasema. "Utatukuta tumemaliza mandazi."

Wakacheka tena. Watu saba wakamfuata. Akawaambia wabebe maji tu, mizigo waachie wenzao, ni dakika ishirini. Lilian, mmoja wa hao saba, alisita. Akamwangalia Dominic, akaniangalia mimi, akampa rafiki yake kijibegi chake, akashuka.

Sisi kumi na mmoja tukaenda kwenye banda. Nikamimina chai. Nikawaigizia makofi ya Dominic, na hata wale waliokuwa wakimwogopa walicheka hadi machozi.

Baada ya dakika ishirini hawakuja. Baada ya arobaini ukungu ukapanda kutoka kwenye kreta, ule mweupe mzito unaokuja kimya kama mtu wa kudai deni. Nikampigia Dominic.

"Tuko sawa, mathe! Tunaenjoy!"

"Mko wapi?"

"Karibu tu. Tumefika."

Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa. Nikadhani ni kikohozi cha kawaida tu. Nikakata simu nikawaambia wenzake, "Bosi wenu anaenjoy," wakacheka, lakini si wote. Nilipompigia tena alisema wako karibu, sauti imepungua. Mara ya tatu hakushika.

Ndipo yule rafiki ya Lilian, msichana aliyeitwa Faith, akanikaribia akiwa ameshika kile kijibegi kifuani.

"Mathe, Lilian ako na asthma. Inhela yake iko hapa."

Nilimwangalia kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. "Mbona hakusema? Nimeuliza pale getini!"

Faith akakishusha kile kijibegi. Alikuwa msichana wa adabu. Halafu akasema, "Uliuliza ukicheka, mathe."

Sijawahi kupigwa kofi na mgeni, lakini sasa najua linavyokaa.

Nikaichukua ile inhela nikaitia ndani ya blauzi. Nikamwambia Faith asimruhusu mtu yeyote kuondoka pale kwenye banda, hata kwenda haja, mpaka nirudi. Nikampigia mwenzangu wa getini alete gari hadi mwisho wa barabara ya juu. Halafu nikampigia Mzee Barasa. Alikuwa ameshastaafu, anafuga ng'ombe wake wawili chini ya msitu, lakini hakuna mtu aliyekijua kile kijia kama yeye. Alikichimba.

"Uliwaacha waende?" akauliza.

"Mzee, walikataa kusikia."

"Sijauliza wao walifanya nini."

Halafu akasema, "Usitafute watu. Ukungu utakuzungusha. Tafuta mahali njia ilipowadanganya. Pale ilipoliwa, kuna njia ya mbuzi inaendelea kushoto, inateremka. Mtu aliyepotea hufuata miteremko, kwa sababu miguu inapenda. Shuka hapo. Na uite, halafu unyamaze. Watu huita bila kunyamaza, watasikiaje?"

Nikashuka. Nawaambia ukweli, niliteremka vibaya, kama gunia. Nilipofika pale palipoliwa nikaona alama za viatu vyao kwenye udongo laini: zimekwenda mbele, zimerudi, zimezunguka, kisha zote zimegeuka kushoto kwenye njia ya mbuzi. Nikaziangalia nikaona hata jinsi walivyobishana. Nikafuata. Nikaita, nikanyamaza. Nikaita, nikanyamaza. Hakuna kitu, ila pimbi wakilia kwenye mawe ya chini.

Mara ya tano nikaita, "Dominic! Puliza firimbi!"

Kimya. Halafu ikalia, karibu sana, upande wa kulia. Mtu alikuwa na firimbi shingoni saa nzima akaona haya kuipuliza.

Niliwakuta juu ya mawe meusi. Lilian alikuwa ameketi ameinama, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka, na kila pumzi ilitoka na mluzi kama birika. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Wengine walikuwa wamesimama mbali naye, jinsi watu wanavyosimama mbali na kitu wanachokiogopa. Dominic alikuwa amepiga magoti mbele yake akimpepea kwa kofia, akisema, "Pumua pole pole, Lilian. Tulia tu, Lilian," na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nikampa inhela mkononi. Alijua kuitumia vizuri kuliko mimi. Akavuta, akashikilia, akavuta tena. Nikamshika mgongo ili akae wima, nikawa nahesabu pumzi zake kimya kimya. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba katika muda huo nilimwahidi Mungu mambo mengi, na mengine mpaka leo bado sijayatimiza. Mluzi ukapungua. Rangi ikaanza kurudi. Akainua macho akaniangalia, akasema neno moja: "Maji."

Hangeweza kupanda kwa miguu. Dominic akageuka, akachuchumaa, akasema, "Panda." Akambeba mgongoni kutoka kwenye yale mawe hadi kwenye banda, ukungu ukitudondokea, bila kupumzika hata mara moja, na bila kuiangalia ile saa yake. Mimi nilikuwa mbele nikiwaonyesha pa kukanyaga. Nilikuwa na mizaha kumi kuhusu yule mtu. Nilipomwona amefika juu akamshusha msichana wa watu taratibu kama yai, akaenda nyuma ya banda akalia, tisa ilikauka. Wa kumi ulikuwa juu yangu mwenyewe, na haukuchekesha.

Gari likampeleka Lilian hospitali. Jioni hiyo alikuwa sawa, wakaniambia kwa simu.

Jumatatu mkubwa wetu akataka ripoti. Nikaandika kwamba mgeni alikataa maelekezo ya kiongozi akapita penye kizuizi. Kila neno lilikuwa kweli. Sikuandika nani aliyekiondoa kizuizi. Dominic naye akaandika barua kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Hakunitaja. Wiki mbili baadaye nikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, picha yangu nikitabasamu, chini yake wameandika nilivyookoa maisha. Nikapewa na chupa ya chai yenye jina langu. Lilian akapiga simu kunishukuru. Nikasema, "Usijali, ni kazi." Nikasema hivyo, mimi Rael.

Mzee Barasa alipokuja getini akaisoma ile karatasi ubaoni yote, pole pole, kidole chini ya kila mstari. Akamaliza. Akaniangalia kama mtu anayesubiri umalize kukohoa, akaenda zake kwa ng'ombe wake.

Tangu hapo nilibadilisha jinsi ya kuuliza, na hili ndilo nililotaka mlijue tangu mwanzo, mengine ni porojo za mstaafu. Usiulize ugonjwa mbele ya watu. Mtu hatasema mbele ya bosi wake, wala mbele ya msichana anayemtaka, wala mbele ya mke wake. Watembeze dakika kumi kwanza. Halafu zunguka kwa kila mmoja, sauti ya chini, kama unayemuuliza habari za nyumbani: "Una dawa yoyote unayotumia? Iko wapi?" Hilo la pili ndilo kubwa. Dawa iliyo kwenye gari haimtibu mtu aliye msituni. Na mgeni akikuudhi, muudhike nyote wawili, lakini awe mbele ya macho yako. Aibu mtu hujifunzia popote, si lazima iwe juu ya mawe.

Mwaka uliofuata, Lilian alirudi. Peke yake, siku ya katikati ya wiki, na buti zilizotumika vizuri. Alikuwa ameacha ile ofisi. Akasema anataka kufika juu, kwa sababu ile siku hakuiona kreta, aliuona ukungu tu. Nilitia sahihi kwenye kitabu cha wageni. Tulipofika kama hatua mia kutoka getini nikasimama.

"Lilian," nikasema, "ile siku nilijua njia imekatika. Nilitoa tawi kwa makusudi. Nilitaka Dominic aaibike."

Hakushtuka. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akamaliza kuifunga.

"Nilijua, mathe. Kama ungekuwa unatuelekeza mahali pazuri, ungekuja na sisi."

"Na ukanishukuru?"

"Ulikuja kunichukua. Hayo ni mambo mawili. La kuja nilikushukuru. La tawi nimengoja uniambie."

Akasimama, akaweka begi lake vizuri mgongoni.

"Twende basi," akasema, "kabla mawingu hayajashuka." Akatangulia yeye, nami nikafuata nyuma kwa mwendo wake.